Chotara na Nyoka wa Mpito: Historia ya Tofauti Moja katika Ufugaji wa Nyoka

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo ya Kiswahili hapa Burundi, mhadhiri wetu wa somo la tafsiri alitupa aya fupi kutoka kwenye tangazo la mfugaji nyoka wa Marekani. Sentensi ya kwanza iliwahakikishia wateja kwamba nyoka anayeuzwa si haibridi bali ni intagredi. Nilifungua kamusi. Kwa neno la kwanza nilipata chotara. La pili halikuwamo. Nilipoona kwamba yote mawili yanamhusu mnyama aliyezaliwa na wazazi wasiofanana, niliandika chotara kote. Siku ya kusahihisha nilisimama mbele ya darasa nikasoma kwa sauti: "Huyu si chotara, ni chotara." Darasa zima likaangua kicheko. Karatasi yangu ilirudi ikiwa na swali moja chini yake: "Sasa mteja anunue yupi?"

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo. Nimechagua kulijibu kwa njia ya historia kwa sababu, kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyogundua kwamba tofauti ya maneno haya mawili haimo katika ngozi ya nyoka wala katika damu yake peke yake. Imo pia katika namna wataalamu walivyowapanga nyoka katika makundi kwa nyakati mbalimbali. Mpangilio unapobadilika, nyoka yuleyule anaweza kulala akiwa wa jina moja na kuamka akiwa wa jina jingine. Nitaanza na maana ya maneno, kisha nitapitia chimbuko la wazo lenyewe, mifano mitatu ya nyoka wa kufugwa, na mwisho nitarudi kwa chatu wetu wa Afrika Mashariki na kwa suala la istilahi.

Maana ya maneno

Katika elimu ya viumbe, spishi ni kundi la viumbe ambao kwa kawaida huzaana wao kwa wao katika mazingira yao ya asili. Spishi moja inaweza kuenea katika nchi kubwa, na wakazi wa pande zake wakatofautiana kwa rangi, ukubwa au idadi ya magamba. Makundi hayo ya kieneo huitwa nususpishi. Jina la kisayansi la spishi lina maneno mawili, na la nususpishi lina maneno matatu.

Kwa msingi huo, haibridi ni mtoto wa wazazi wa spishi mbili tofauti, na wakati mwingine hata jenasi mbili tofauti. Huyu nitamwita chotara. Intagredi ni mtoto, au mzawa wa vizazi vingi, wa nususpishi mbili za spishi moja. Huyu nitamwita nyoka wa mpito, kwa kuwa maumbile yake yanatuonyesha sura moja ya spishi ikipita polepole kuingia sura nyingine.

Tunaweza kuifafanua tofauti hii kwa mfano wa lugha yenyewe. Mtu anayesafiri kutoka Bujumbura kwenda Kigali husikia Kirundi kikibadilika kidogo kidogo hadi kuwa Kinyarwanda, na katika vijiji vya mpakani si rahisi kusema wapi kimoja kimeisha na kingine kimeanza. Msemaji wa mpakani hakuchanganya lugha mbili. Alizaliwa katikati ya mfululizo. Huyo anafanana na nyoka wa mpito. Lakini mtu anayeingiza maneno ya Kifaransa katikati ya sentensi ya Kirundi ameunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbalimbali. Huyo anafanana na chotara.

Kuna makosa mawili ambayo ni vyema kuyaondoa mapema. La kwanza ni kudhani kwamba chotara ni lazima awe tasa. Kosa hili linatokana na nyumbu, mtoto wa punda na farasi, ambaye kwa kawaida hazai. Nyoka wengi hawafuati kanuni hiyo. Machotara wa nyoka wa spishi zilizo karibu, na hata wa jenasi tofauti, mara nyingi huzaa vizuri. Kwa hiyo hatuwezi kumtofautisha chotara na nyoka wa mpito kwa kuangalia kama ana watoto.

Kosa la pili ni kudhani kwamba sura itatuambia. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko huweza kuonekana nusu kwa nusu. Lakini akirudishwa kwa upande wa mzazi mmoja, na watoto wake wakarudishwa tena, baada ya vizazi vichache anaweza kuonekana kama nyoka asiye na mchanganyiko wowote. Jicho hudanganyika kwa urahisi, na hapo ndipo umuhimu wa kumbukumbu za mfugaji unapoanza.

Chimbuko la wazo

Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, ndiye aliyeimarisha desturi ya kumpa kila mnyama jina la maneno mawili, katika toleo la kumi la kitabu chake cha mpangilio wa viumbe lililotoka mwaka 1758. Katika mpango wake spishi ilikuwa kama sanduku: kiumbe yumo au hayumo. Mnyama wa katikati hakuwa na mahali pazuri pa kukaa.

Tatizo lilionekana wazi zaidi Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19, pale makumbusho yalipokusanya vielelezo vingi kutoka pande zote za bara. Waliokuwa na vielelezo vichache waliona tofauti kubwa kati ya mnyama wa mashariki na wa magharibi, wakatoa majina mawili. Vielelezo vya katikati vilipofika, tofauti zikayeyuka. Wataalamu wa ndege ndio waliotangulia kuweka kanuni rasmi. Mwaka 1886 umoja wa wataalamu wa ndege wa Marekani ulitoa kanuni za majina zilizokubali jina la maneno matatu, na kipimo chake kilikuwa mpito wenyewe: makundi mawili yakiunganishwa na wanyama wa katikati, yalihesabiwa kuwa nususpishi, yasipounganishwa, yalihesabiwa kuwa spishi mbili.

Ikumbukwe basi kwamba mnyama wa mpito aliingia katika sayansi akiwa shahidi. Kuwapo kwake porini ndiko kulikothibitisha kwamba pande mbili ni ndugu wa nyumba moja.

Kwa upande wa nyoka, kazi iliyoacha alama kubwa ni ya Frank Blanchard, iliyochapishwa mwaka 1921 na makumbusho ya taifa ya Marekani. Blanchard alizichunguza upya spishi za jenasi Lampropeltis, ambao Wamarekani huwaita nyoka wafalme kwa sababu hula nyoka wengine, hata wenye sumu. Alihesabu magamba na mistari ya rangi, akafuatilia maeneo ambamo sura moja inaingia nyingine. Baadaye, mwaka 1942, Ernst Mayr alitoa kitabu chake kuhusu mpangilio na asili ya spishi. Humo aliieleza spishi kuwa ni kundi la jamii zinazozaana katika asili na ambazo hazizaani na makundi mengine ya aina hiyo. Kwa mtazamo huo mpaka kati ya mpito na uchotara ulionekana kuwa imara: ndani ya spishi ni mpito, nje ya spishi ni uchotara. Hata hivyo, nyoka wenyewe hawakuuheshimu sana mpaka huo.

Mayai ya nyoka mfalme wa California

Mfano wa kwanza unaonyesha kwamba kabla ya kumwita nyoka chotara au wa mpito, ni lazima tuwe na hakika kwamba wazazi wake wanatofautiana kweli.

Huko kusini mwa California waliishi nyoka wafalme wa sura mbili. Wa kwanza walikuwa na pete nyeupe na nyeusi zinazozunguka mwili. Wa pili walikuwa na mstari mmoja mrefu mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani. Mtu yeyote akiwaona pamoja angesema ni nyoka wawili tofauti, na wataalamu walisema hivyohivyo. Wenye mstari walipewa jina na Blainville mwaka 1835, na wenye pete wakapewa jina lao na Baird na Girard mwaka 1853. Kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa aina mbili. Wale wachache wenye alama zilizochanganyika, pete zilizokatika na mistari isiyokamilika, walikuwa fumbo.

Aliyelifumbua ni Laurence Klauber wa San Diego, mhandisi wa kampuni ya umeme ambaye kazi yake ya pili, iliyomletea sifa zaidi, ilikuwa kuchunguza nyoka. Klauber hakubishana kwa maneno. Alichukua majike wenye mimba, akasubiri watage, akaangulisha mayai na kuwatazama watoto. Katika mayai ya mtago mmoja, ya mama mmoja, walitoka watoto wenye pete na watoto wenye mstari. Katika makala zake, kuanzia mwaka 1936, alieleza kwamba hao ni nyoka wa kundi moja wenye sura mbili, kama vile ndugu wa tumbo moja wanavyoweza kutofautiana kwa rangi ya macho.

Funzo la tukio hili ni kubwa. Nyoka wenye alama zilizochanganyika hawakuwa machotara wala hawakuwa wa mpito, kwa sababu hapakuwa na pande mbili za kuchanganya. Aidha, ushahidi ulitoka kwenye mayai. Ufugaji, ambao wengi huuona kuwa mchezo wa watu wenye pesa, hapa ulisahihisha kosa la karibu karne moja la vitabu.

Nyoka wa mahindi anayebadilishwa jina

Mfano wa pili ndio ulio karibu zaidi na tangazo lililonichekesha darasani. Nyoka wa mahindi, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1766, ni nyoka asiye na sumu wa kusini-mashariki mwa Marekani. Rangi yake ni ya machungwa yenye mabaka mekundu. Ni mpole, hula panya, na huzaa kwa urahisi kizimbani. Mwaka 1962 daktari wa ngozi aitwaye Bernard Bechtel na mwenzake walichapisha matokeo ya ufugaji yaliyoonyesha jinsi ualbino unavyorithiwa katika nyoka huyu: jeni yake haionekani mpaka mtoto airithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Tangu hapo wafugaji walijua kwamba rangi inaweza kupangwa, na biashara ikakua.

Magharibi zaidi, kwenye nyanda kavu za kati, anaishi ndugu yake wa rangi ya kijivu na kahawia. Baird na Girard walimpa jina emoryi mwaka 1853 wakimhesabu kuwa spishi. Baadaye wataalamu walimshusha, akawa nususpishi ya nyoka wa mahindi, na wale walioonekana kuwa katikati, kule Louisiana na jirani zake, wakachukuliwa kuwa wa mpito. Katika kipindi hicho wafugaji walimchukua nyoka wa mahindi albino wakampandisha na emoryi. Watoto wa kwanza walikuwa wa kahawia, lakini wote walibeba jeni ya ualbino kimyakimya. Walipopandishwa wao kwa wao, au kurudishwa kwa nyoka wa mahindi albino, wakatokea nyoka wa rangi ya njano iliyopauka na machungwa laini. Sokoni waliitwa Creamsicle, jina la barafu tamu ya huko. Kwa kuwa wazazi walikuwa nususpishi mbili za spishi moja, muuzaji aliyesema "si chotara, ni wa mpito" alikuwa anasema kweli kwa mujibu wa vitabu vya wakati wake.

Mwaka 2002 Frank Burbrink alichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mitokondria vya kundi hili. Alipendekeza kwamba si spishi moja bali ni tatu: nyoka wa mahindi wa mashariki, emoryi wa magharibi, na wale wa Louisiana na mashariki mwa Texas, ambao aliwapa jina slowinskii. Jina hilo ni la kumkumbuka Joseph Slowinski, mtaalamu wa nyoka aliyefariki Septemba 2001 huko Myanmar baada ya kuumwa na nyoka mwenye sumu akiwa kazini.

Hebu tulitazame tukio hili kwa macho ya mfugaji. Usiku mmoja, kwa kalamu ya mtaalamu mmoja, Creamsicle aliyekuwa wa mpito amekuwa chotara. Hakuna hata gamba moja lililobadilika. Nyoka yumo kwenye kizimba kilekile, anakula panya walewale, lakini wanunuzi waliokuwa wameapa kutofuga machotara sasa wanaye mmoja nyumbani. Kwa upande mwingine, nyoka wa Louisiana waliodhaniwa kuwa wa katikati wamepata jina lao wenyewe. Aliyekuwa wa njia panda amekuwa mwenye mji.

Wala mabishano hayakuishia hapo. Kuna wataalamu wanaotilia mkazo vinasaba, na kuna wanaouliza: ikiwa makundi haya yanapakana na yanaendelea kubadilishana jeni porini, kwa nini tuyaite spishi? Swali kama hilo limeulizwa pia kuhusu nyoka wa panya wa Amerika ya Kaskazini, ambao kikundi cha Burbrink kiliwagawa upya mwaka 2000 na 2001 kwa namna iliyopuuza rangi zao zilizotumiwa na vitabu vya awali. Hapo mambo yalienda kinyume: nyoka wa njano wa Florida na nyoka weusi wa kaskazini-mashariki, waliokuwa nususpishi mbili, waliwekwa pamoja katika spishi moja bila kutenganishwa. Wale wa kijani-kijani waliopatikana kati yao, waliokuwa mfano maarufu wa nyoka wa mpito, wakabaki kuwa rangi tu.

Tukitaka chotara ambaye hana mabishano, wafugaji hao hao wametupatia: mtoto wa nyoka wa mahindi na nyoka mfalme wa California. Hawa ni wa jenasi mbili, na mmoja wa wazazi ana tabia ya kumla mwenzake. Hata hivyo wamezalishwa kizimbani, na watoto wao wameonekana wakizaa. Haijalishi vitabu vimebadilishwa mara ngapi, huyo amebaki chotara. Kwa hiyo ni kosa kusema kwamba maneno haya hayana maana. Yana maana, na sehemu nyingine imekaa imara kabisa. Kinachoyumba ni eneo la katikati.

Chatu wa Asia: neno linapogusa sheria

Mpaka hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya wapenda rangi. Mfano wa tatu unaonyesha kwamba neno linaweza kuwa na uzito wa sheria.

Kwa muda mrefu chatu wa India na chatu wa Burma walikuwa nususpishi mbili za spishi moja. Chatu wa India alikuwa ameadimika. Katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, aliwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi. Chatu wa Burma yuko kwenye Kiambatisho cha Pili, ambacho kinaruhusu biashara kwa vibali. Wafugaji waliwapandisha wawili hawa, na watoto wakaitwa wa mpito. Mwaka 2009 Jacobs, Auliya na Böhme walitoa hoja kwamba wawili hawa ni spishi mbili kamili. Wazo hilo limekubaliwa na wengi. Kwa mara nyingine, watoto waliokwisha kuzaliwa wakawa machotara.

Wakati huohuo chatu wa Burma waliotoroka au kuachiwa kutoka kwa wafugaji walikuwa wameenea katika vinamasi vya Everglades, kusini mwa Florida, ambako wanakula wanyama wa asili. Mwaka 2012 serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha ya wanyama waharibifu wasioruhusiwa kuingizwa nchini, pamoja na anakonda wa njano na chatu wawili wa Afrika. Katazo halikuishia kwa nyoka waliotajwa. Liligusa pia mayai yao yanayoweza kuanguliwa na machotara wao. Waandishi wa sheria walikuwa wameshatambua kwamba muuzaji mjanja anaweza kujificha nyuma ya mchanganyiko.

Kisha mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya jiolojia ya serikali ya Marekani walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya chatu wapatao 400 waliokamatwa Florida. Wote walionekana kuwa chatu wa Burma. Lakini 13 kati yao walikuwa na alama za vinasaba vya chatu wa India. Watafiti walieleza kuwa huenda mchanganyiko huo ulitokea kabla nyoka hao hawajaenea Florida. Iwe ulitokea wapi, hapakuwa na jicho lililouona wala karatasi iliyoueleza. Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini baadhi ya wafugaji hukasirika mtu akiuza nyoka bila kutaja wazazi. Mchanganyiko usioandikwa haupotei. Husafiri kimya ndani ya ukoo na kujitokeza pale usipotarajiwa.

Chatu wetu

Huenda msomaji anajiuliza mambo haya ya Marekani yanatuhusu nini. Jibu liko katika hao chatu wawili wa Afrika waliotajwa kwenye orodha ya mwaka 2012. Kwa Kiswahili tunao chatu mmoja tu. Kwa sayansi ya leo wako wawili wakubwa katika eneo letu: Python sebae wa kaskazini, aliyepewa jina na Gmelin mwaka 1789, na Python natalensis wa kusini, aliyepewa jina na Andrew Smith mwaka 1840. Wa kusini ana magamba madogo zaidi juu ya kichwa, na alama za rangi za kichwani mwake hazikukolea kama za mwenzake.

Donald Broadley, mtaalamu maarufu wa nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe, aliwachunguza kwa makini. Mwaka 1984 aliwaona kuwa nususpishi mbili za spishi moja. Mwaka 1999 alibadilisha uamuzi wake akasema ni spishi mbili. Hoja mojawapo iliyomfikisha hapo ni kwamba kuna sehemu ambako wote wawili wanapatikana, nazo ziko Kenya, Tanzania na hapa kwetu Burundi. Mantiki yake ni ileile ya kanuni ya ndege ya mwaka 1886. Makundi mawili yakikutana na kuyeyuka, ni nususpishi. Yakikutana na kila moja likabaki na sura yake, ni spishi.

Nilipoisoma hoja hiyo nilijisikia kama mtu aliyekwenda mbali kutafuta kitu alichokiacha nyumbani. Nchi yetu ndogo ni mojawapo ya mahali ambapo swali la insha hii linaulizwa na nyoka wenyewe. Kama leo mkulima akikutana na chatu mwenye alama za katikati, kabla ya mwaka 1999 angeambiwa kwamba huyo ni wa mpito. Baada ya mwaka huo ataambiwa ni chotara. Mkulima hatajali, naye ana haki yake. Lakini anayeandika taarifa ya makumbusho, kibali cha kusafirisha au kitabu cha shule kwa Kiswahili itambidi achague neno.

Suala la istilahi

Je, Kiswahili kinahitaji maneno mawili? Naamini kinahitaji, kwa sababu tumeona kwamba chotara peke yake linafanya kazi mbili na kuleta sentensi isiyo na maana. Mahuluti, ambalo wataalamu wa kilimo hulitumia kwa mbegu, linaweza kushirikiana na chotara kwa maana ya mtoto wa spishi mbili. Napenda zaidi mahuluti katika maandishi ya kisayansi, kwa kuwa chotara huitwa pia binadamu, na si kila anayeitwa hivyo hufurahi. Neno linalomuuma mtu lisipewe nyoka bila kufikiri. Kwa mtoto wa nususpishi napendekeza wa mpito, neno lililo wazi kwa msomaji yeyote wa Kiswahili.

Hata hivyo historia niliyoieleza inatoa onyo. Maneno yote mawili ni hukumu, na hukumu hukatiwa rufaa. Klauber alifuta hukumu ya mwaka 1853 kwa mayai. Burbrink alibadilisha hukumu kwa vinasaba. Broadley alibadilisha hukumu yake mwenyewe. Kisichobadilika ni kwamba jike fulani kutoka mahali fulani alipandishwa na dume fulani kutoka mahali fulani, mwaka fulani. Mfugaji aliyeandika hayo nyoka wake ataeleweka hata vitabu vikigeuzwa mara kumi. Mfugaji aliyeandika "wa mpito" tu ameacha neno ambalo kesho linaweza kuwa uongo bila yeye kukusudia.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba chotara ni mtoto wa spishi mbili na nyoka wa mpito ni mtoto wa nususpishi za spishi moja. Kwamba tofauti hiyo haionekani kwa macho wala haipimwi kwa utasa. Na kwamba inategemea uamuzi wa wataalamu ambao umebadilika mara nyingi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zenyewe hazimpi chotara jina lake, maana jina hupewa kundi, wala si matokeo ya ndoa moja. Kwake yeye majina ya wazazi ndiyo utambulisho wote alio nao.

Sasa naweza kulijibu swali lililoandikwa chini ya karatasi yangu. Mteja anunue yule ambaye muuzaji anaweza kuwataja baba yake na mama yake na mahali walikotoka. Na kama ningepewa tafsiri ile leo, ningeandika: "Huyu si mahuluti, ni wa mpito." Kisha, kama mfasiri mwaminifu, ningetazama mwaka uliochapishwa chini ya tangazo kabla ya kumwamini muuzaji.